Diski ya Pili

Nyumbani, 9 Februari

Mdogo wangu Waya,

Vipi huko kwenye baridi? Sisi huku bado tunavuta pumzi, na hilo si haba. Baba anakula vizuri, miguu inamvimba kidogo jioni, na juzi amenyoa ndevu mwenyewe bila kujikata. Mwalimu, jirani yetu wa upande wa jikoni, amestaafu lakini bado anasahihisha watu: anauliza kama umeacha kula kucha. Nimemwambia sijui, kwa miaka sita sijaviona vidole vyako.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Ikilia, Baba anaruka. Nikiongea, anajibu yeye. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Unaukumbuka mkanda wa majaribio? Kila tulipokuwa tunakwenda kupiga video ya harusi ya watu, Baba alimkalisha Mama, Mungu amrehemu, kwenye kigoda pale mlangoni, akamshikisha karatasi nyeupe, akaseti rangi ya kamera kwa weupe wake. Wewe unakokota nyaya, mimi nimeshika taa mpaka mkono unakufa ganzi. Majaribio yale aliyaunganisha kwenye mkanda mmoja wa saa nzima. Hakuna kingine humo: Mama anacheka, anauliza kama kilemba kimekaa sawa, anamwambia afanye haraka watu wanangoja.

Tangu Baba aanze kusahau, mkanda huo ndio kitu pekee kinachomtuliza. Ukicheza, anakaa. Ukiisha, anainuka, anasema harusi inatusubiri, anautafuta mlango. Nilishamkuta katikati ya barabara amevaa koti la suti juu ya nguo za kulalia, magari yanampigia honi naye anayapungia mkono. Tangu siku hiyo mlango una kufuli na ufunguo unakaa shingoni mwangu.

Likizo yangu isiyo na malipo inaisha mwisho wa Agosti. Muuguzi mkuu hakunificha: nisiporudi, nafasi yangu wodi ya wazazi anapewa mwingine. Mimi ni mkunga, Waya. Mikono yangu imezoea kupokea watoto, sasa inapokea sahani za uji tu. Mwalimu yuko tayari kukaa na Baba asubuhi, ila kwa umri wake hawezi kushindana naye mlangoni. Kwa hiyo lazima Baba atulie, na ili atulie lazima Mama acheze. Na mkanda wenyewe unachakaa. Picha imejaa mistari, sauti inapanda na kushuka.

Watu wananiambia niuhamishie kwenye diski. Wewe ndiwe unayeuza vitu hivyo. Ninunue mashine gani ya kuchomea, na diski tupu zipi, ambazo hazitaniangusha?

Halafu unakuja lini?

Dada yako,
Taa

*

Huku, 2 Aprili

Dada Taa, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, najua, na najua uso unaokunja ukisoma hapa. Mimi mzima. Mwambie Mwalimu kucha bado nazila, zimebaki chache. Kazini wamenihamishia stoo ya chini. Haina dirisha, taa zinawaka siku nzima, na nikitoka nje kumeshakuwa giza, kwa hiyo ni kama sijatoka. Nimefurahi kusikia Baba ananyoa mwenyewe.

Twende kwenye mashine. Ile ya kuchomekwa kwenye kompyuta achana nayo. Mkanda ungehitaji kifaa kingine cha kuuingiza humo, na kompyuta yenu ile ukiiwasha inakohoa. Nunua mashine ya mezani inayorekodi yenyewe. Unaiunganisha na deki inayocheza mkanda kwa zile nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, unabonyeza kitufe chekundu, basi. Muuzaji akikusifia kasi, mwache amalize, halafu mwambie huna haraka. Diski iliyochomwa polepole hukaa zaidi. Angalia trei inatoka na kurudi bila kusukumwa. Achome diski moja hapo hapo mbele yako, aicheze kwenye mashine nyingine. Akianza kukuzungusha, chukua mkoba wako uondoke.

Lakini diski ndiyo roho ya mambo, Dada. Mashine mbovu utaijua siku hiyo hiyo. Diski mbovu inakuchekea kwanza, unaizoea, halafu inakugeuka. Zile za kufuta na kurudia usizitumie kwa kitu cha kutunza. Chukua za kuandikwa mara moja, ziwe zimefungwa kiwandani, zina jina la kampuni linalosomeka, na dukani hazikai juani. Zile zinazomwagwa kwenye meza za barabarani usiziguse, hata wakikupa bure. Usiandike juu yake kwa kalamu ngumu. Ukimaliza kuchoma, ingia kwenye menyu uifunge diski, la sivyo mashine nyingine haitaisoma.

Chonde, mambo mawili usiyasahau. Choma mbili. Na kila moja itazame mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kabla hujaiamini. Hapa tunawapokea watu wanaolia na diski za harusi zao mkononi, na ukimuuliza aliitazama lini mara ya mwisho, anasema hajawahi.

Hilo la kuja tutaongea.

Mdogo wako,
Waya

*

Nyumbani, 11 Mei

Waya wangu,

Barua imefika ikiwa imelowa kona moja, lakini imesomeka. Pole na hiyo stoo. Huku hatujambo. Mwalimu amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi letu lote. Baba amenenepa kidogo. Mimi nimepungua, tumegawana.

Mashine nimepata. Nimeinunua kwa fundi anayeitwa Masikio, kwa sababu kabla hajafungua chombo chochote anakilalia sikio kwanza. Imetumika, lakini trei inatoka vizuri na alinichomea ya majaribio bila kuombwa mara mbili. Matundu ya nyaya ya nyuma yamekufa, ya mbele yanafanya kazi. Nilikuwa naziunganisha nyaya, Baba yuko nyuma yangu, mara nasikia, “Njano kwa njano. Nani amekufundisha kazi wewe?” Sauti yake ile ile ya harusini. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipomgeukia alikuwa ameshaondoka tena ndani ya macho yake.

Sasa kuhusu diski, usinigombeze. Duka lenye zile zilizofungwa liko ng'ambo ya soko. Wewe huko unaweza kwenda ng'ambo ya soko. Mimi kila ninachofanya nje ya nyumba hii lazima kiingie ndani ya mkanda mmoja. Mwalimu anasimama hapa, Mama anacheza, mimi nakimbia, na kabla Mama hajauliza habari ya kilemba mara ya mwisho lazima niwe nimerudi. Kwa Masikio foleni ilinila muda wote. Nikachukua zile za mezani, zinazong'aa, hazina jina. Nilizipangusa vizuri.

Nimechoma mbili, zote nimezifunga. Ya kwanza nimeitazama yote, Mama yuko safi kuliko kwenye mkanda. Ya pili ilipokuwa inachomwa nilikuwa na mambo yangu pale mlangoni, na unajua luninga imeupa mlango kisogo, sikuwa naona kitu. Baba alikuwa anachezea kamera yake ya zamani, nikamwachia, afadhali kamera kuliko kufuli. Niliporudi alikuwa amechomoa nyaya zote, lakini mashine ilikuwa imeshamaliza.

Siku ile ile deki ikautafuna mkanda. Niliufungua nikavuta, ukaja umekunjamana, ukakatika. Kwa hiyo Mama sasa yuko kwenye diski tu.

Miezi ya kutosha bado ipo. Naanza kuamini nitarudi wodini.

Hujanijibu swali langu.

Taa

*

Huku, 20 Juni

Dada, shikamoo.

Natumaini miguu ya Baba imepungua. Mimi sijambo, mafua tu. Mwenzangu wa stoo alikwenda kwao kumzika mama yake, hakurudi. Kiti chake bado kipo, hakuna anayekikalia.

Sikugombezi. Nimekasirika, ila si kwako. Sikiliza: hizo diski zitoe kwenye mwanga, zisimamishe, usizilaze. Ya kwanza usiicheze kutwa nzima. Na hiyo ya pili itazame leo hii, usingoje, kwa sababu mkanda haupo tena. Ulikuwa na mambo gani mlangoni?

Waya

*

Nyumbani, 6 Julai

Waya,

Leo salamu utazikuta chini nikikumbuka.

Mama amekwama. Anainua mkono aguse kilemba, na kabla haujafika picha inakatika vipandevipande, inabaki hivyo. Nimeitoa, nimeipangusa, nimeirudisha, nimempelekea Masikio, ameilalia sikio, akatikisa kichwa. Inafika pale pale. Siku ya kwanza Baba alimsemesha. Akambembeleza: “Haya basi, shusha mkono, Bi Harusi.” Unajua hilo ndilo jina alilomwita Mama maisha yake yote. Siku ya pili alimlilia. Siku ya tatu akauendea mlango kwa bega, nami nikaingia katikati. Mkono wangu utapona. Bega lake limevilia damu, na hakumbuki limepata wapi, ananiuliza mimi.

Mwalimu aliyaona yote dirishani. Amesema, “Mwanangu, huyu simwezi.” Simlaumu.

Nakutumia diski zote mbili. Ya pili sijaitazama, na usiniulize kwa nini. Haya, nitakwambia. Naogopa. Maadamu sijaitazama, bado ni nzima. Nikiiweka ikakwama nayo, basi nami nimekwama humu mpaka mmoja wetu afe, na kuna siku namwangalia Baba nikajikuta nahesabu. Sikutaka kuliandika hilo, lakini karatasi yenyewe ni ya mwisho, siwezi kuichana.

Mashine za huko kwenu ni kubwa. Mtoe Mama humo.

Sikuulizi tena unakuja lini. Baba angekusalimu kama angekukumbuka.

Taa

*

Huku, 4 Agosti

Dada Taa, shikamoo, na pole ya mkono. Pole ya kila kitu.

Naanza na mabaya. Diski ya kwanza nimeipitisha kwenye kila mashine tuliyo nayo hapa. Zimepatikana dakika chache za mwanzo, zile Mama anatafuta kigoda. Zilizobaki zimekufa. Rangi ya ndani ya diski imeliwa, hakuna wa kuirudisha.

Ya pili inacheza mpaka mwisho. Ila si Mama.

Yaani ni Mama kwa muda mfupi, halafu giza, halafu picha inachezacheza kama mtu anatafuta mahali pa kushika, halafu mlango wetu. Baba alichomoa nyaya za deki akachomeka za kamera yake kwenye matundu yale yale, huku mashine inarekodi. Njano kwa njano, Dada. Mikono yake haijasahau.

Nimekuona. Umekaa kwenye kigoda cha Mama mlangoni, umevaa sare yako nyeupe ya kazini, viatu vimefungwa, mkoba mapajani, umeshika ufunguo shingoni. Huendi mahali. Umekaa tu. Nilidhani utainuka, nikangoja. Hukuinuka. Nikaelewa kwamba hiyo haikuwa mara yako ya kwanza, kwa sababu umekaa kama mtu aliyepazoea. Hayo ndiyo mambo yako ya mlangoni, na mimi nilikuwa nakuandikia habari za trei.

Baba anasikika nyuma ya kamera. Anasema, “Bi Harusi, nipe nyeupe.” Wewe unamtazama, hujui anataka nini. Halafu anasema, “Basi, nyeupe hiyo hiyo inatosha,” na rangi inakaa sawa. Ameiseti kwa sare yako. Anakuuliza, “Utanikimbia?” Nawe unamwambia, “Siendi popote, Baba. Niko hapa.” Anakuuliza tena na tena, nawe unamjibu tena na tena, kwa upole, na huku viatu umevaa. Mwisho unafungua mkoba, unatoa kitambaa, unafuta uso, unamwita anywe chai. Hapo inaishia.

Yeye hakuona binti yake pale. Alimwona Mama, amepambwa, anangoja waende harusini. Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimeichoma upya kwenye diski tatu, za kuandikwa mara moja, kutoka boksi lililofika jana na kufunguliwa na mimi. Nimechoma kwa kasi ya chini kabisa. Nimezifunga. Nimezitazama zote tatu mwanzo mpaka mwisho, stoo nimejifungia, na bosi akigonga namwambia nakagua mali. Zile dakika za Mama anatafuta kigoda nimeziweka mwanzoni, kisha wewe. Jaribu kumwekea. Nisamehe kama ni kitu kibaya kukutumia.

Sasa lile swali. Karatasi zangu za kukaa huku ziliisha siku nyingi. Nikipanda ndege kuja, sitaruhusiwa kurudi, kama yule mwenzangu wa stoo aliyeacha kiti. Na huku nimebaki peke yangu ninayeweza kukutumia chochote. Nilikuwa sisemi kwa sababu niliona ukijua utaacha kuniuliza, na kila ulipouliza nilijiona kama bado naweza kuja.

Ndugu yako,
Waya

*

Nyumbani, 14 Septemba

Waya, mdogo wangu,

Marahaba. Baba mzima, bega limepona. Mwalimu anakusalimu sana na amekataa kuamini habari za kucha. Wodini wamenipokea kwa kelele, na wiki ya kwanza tu nimepokea mapacha, wote wasichana, wa pili ametoka amekunja ngumi. Muuguzi mkuu amenipa zamu za asubuhi peke yake. Nafasi nimeipata siku za mwisho mwisho kabisa, alishaanza kumsaili mwingine.

Diski zako zimefika nzima. Mbili nimezisimamisha kabatini, gizani, kama ulivyosema. Moja iko kazini kila siku, kuliko hata mimi. Haijakwama hata kidogo.

Ulisema nikusamehe kama ni kitu kibaya. Siku ya kwanza niliona ni kibaya. Nilijiona pale nikataka kuzima luninga. Sikujua mgongo wangu umepinda hivyo, wala kwamba nina uso ule. Lakini Baba aliketi. Aliketi, Waya, akaweka mikono magotini, akamwambia Mwalimu, “Nyamaza, napiga picha.” Mwalimu, ambaye hajanyamazishwa na mtu tangu alipoanza kufundisha, alinyamaza. Ikiisha anairudisha mwanzo, na Baba anakaa tena.

Kuhusu karatasi zako. Nimeisoma barua ile nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mahali pangu. Nilikuwa na hasira na wewe miaka, na hasira ile ilinisaidia kuamka asubuhi, sasa umeninyang'anya hata hiyo. Nimekuelewa. Kukusamehe kutafuata, usiniharakishe. Umenitumia mimi watatu ndani ya diski na wewe hukujituma hata mmoja, na bado nitakuuliza unakuja lini kila barua, ili uendelee kuwa na swali la kukwepa. Ukitoka kwenye hiyo stoo, simama kidogo nje hata kama ni giza.

Nikwambie asubuhi inavyokuwa. Navaa sare, nafunga viatu, nachukua mkoba. Mwalimu anaiweka diski. Mama anatafuta kigoda, halafu natokea mimi. Hapo Baba ameshanisahau mimi huyu, kwa hiyo natoa ufunguo shingoni, nafungua kufuli taratibu lisipige kelele. Naupita mlango kwa ubavu, na kila siku, nikiwa na mguu mmoja nje, nasikia sauti yangu mwenyewe huko ndani ikimwambia, “Siendi popote, Baba. Niko hapa.”

Naye ananijibu, “Vizuri, Bi Harusi. Kaa hapo hapo.”

Kisha nafunga kwa nje na kwenda kazini.

Dada yako,
Taa